Sakafu ya Kichwa Wazi

Fundi alikuwa anaonja. Umletee petroli unayoitilia shaka, anachovya kidole, anakiweka ulimini, anatema pembeni, kisha anakwambia bila kukuonea huruma, "Umeuziwa mafuta ya taa." Oili aliionja. Maji ya rejeta aliyaonja akajua kama oili imeingia. Nilimwambia zaidi ya mara moja, "Fundi, wewe utakufa kwa ulimi wako," naye akajibu, "Macho yanahongeka, Karani. Ulimi hauna rafiki."

Karani ndiye mimi. Nilikuwa na kibanda cha kupiga chapa Singida mjini, kando ya barabara iendayo Unyambwa: taipureta moja, kiti kimoja na benchi la wateja. Gereji yake ilikuwa ng'ambo ya barabara, kwa hiyo nilimwona kila siku ya Mungu kwa zaidi ya miaka kumi, na kama kuna mtu mwenye haki ya kumsema, ni mimi. Umri wake sikuuliza. Asubuhi nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku kichwa kikiwa ndani ya boneti, na siku yangu ikaanza.

Alikuwa na sheria moja ambayo ilimkosesha wateja na kumpa jina. Gari likiisha kutengenezwa, mwenye gari lazima alale chini aone. Fundi anatandika gunia la katani, anakupa tochi, anasema, "Lala." Hakujali wewe ni nani. Ofisa elimu alilala na tai yake shingoni. Sista wa misheni alilala, akaomba afunikwe miguu, mke wa Fundi akaja mbio na kanga. Ukiwa huko chini anakuonyesha kwa bisibisi: hiki nimebadilisha, hiki bado, hiki kitakuua mwakani. Vyuma vya zamani alivyovitoa anakufungia kwenye gazeti uende navyo nyumbani. Kuna nyumba pale mjini hadi leo zina beringi kuukuu chini ya kitanda, na wenyewe hawajui wazitupe au wazihifadhi.

"Kutu haifichwi," alikuwa akisema. "Kutu inaahirishwa."

Basi mtu wa namna hiyo ungetegemea awe dereva hodari. Wapi! Alikwenda kila mahali kwa baiskeli. Kwenye basi alikaa ameshika kiti cha mbele kwa mikono miwili kama anayeng'olewa jino. Nilimcheka wazi. "Magari nayajua mno kuyapanda," alisema, wala hakutabasamu.

Gari moja tu alilipenda, nalo halikuwa lake.

Lilikaa nyuma ya gereji, chini ya kibanda cha mabati alichokijenga kwa ajili yake kabla hajaezeka jiko la mkewe, jambo ambalo mkewe hakulisahau. Lilikuwa gari dogo jekundu la Kitaliano, viti viwili, halina paa ila turubai la kukunja. Watu walilipa jina Kichwa Wazi. Liliachwa na mhandisi wa Kitaliano aliyekuwa akichimba visima mkoani, zamani, Fundi akiwa bado kijana kwenye karakana ya shirika. Siku ya kuondoka yule mhandisi alimkabidhi funguo, akamwambia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika: lioshe kila Jumamosi, liwashe, mazulia ya chini usiyang'oe, yamegundishwa kiwandani. Nitarudi.

Hakurudi. Lakini Jumamosi haikupita bila gari kuoshwa. Ijumaa Fundi alikuwa msikitini, Jumamosi alikuwa kwenye ziwa Kindai. Mwanzoni alilipeleka gari lenyewe hadi ukingoni, akiendesha polepole huku wazee wa baiskeli wakimpita. Injini ilipoanza kuchoka akawa anachota maji kwa madumu na kuyaleta kwa baiskeli. Maji ya bomba yalikuwa ya foleni, kina mama wakipanga ndoo tangu alfajiri, naye aliona aibu kuchukua maji ya kunywa ya watu akaogeshe chuma. Ziwa lilikuwa halina foleni. Malori yote ya mji yalioshwa huko, nani angeshangaa?

Aliwahi hata kulishonea viti foronya za ngozi ya ng'ombe, panya wasivitafune. Ngozi aliinunua kwa wafugaji, haikuiva vizuri. Mbwa wa mtaa mzima waliingia mchana mmoja yeye akiwa mjini, wakafanya sherehe. Kwa mwezi mzima vijana walipopita walibweka. Fundi akavumilia, akashona nyingine za turubai.

Kisha ikaja miaka ya ruksa. Sabuni na sukari zikarudi madukani, mitumba ikauzwa mchana kweupe, na kila mwenye shamba la vitunguu au zizi la maana akaanza kuota gari la Kijapani lililotumika. Karakana ya shirika ilikuwa imekwisha kufungwa, Fundi anajitegemea. Mwanzoni tulidhani magari mengi ni riziki nyingi kwake. Haikuwa hivyo. Mwenye gari jipya hataki kulazwa chini kwenye gunia. Ilifunguliwa gereji nyingine karibu na stendi, vijana wamevaa ovaroli za rangi moja, redio inapiga, unaletewa soda. Wateja wakahamia huko. Ikawa inapita wiki, inapita ya pili, Fundi amekaa juu ya tairi anasugua spana ambazo ni safi.

Katika hali hiyo ndipo ilipofika barua kutoka Italia. Ilikuwa msimu wa kuvuna alizeti, nakumbuka kwa sababu mji wote ulikuwa na vumbi la makapi. Fundi aliileta kwangu ikiwa imefunguliwa kwa kisu, imeandikwa Kiingereza. Yeye hata Kiswahili alikisoma kwa kufuatisha kidole. Nikamsomea.

Aliyeandika ni binti wa yule mhandisi. Baba yake sasa ni mzee, mgonjwa, na kila siku anazungumzia gari lake la Singida. Binti amegundua kwamba magari ya aina ile yamebaki machache sana duniani. Yeye yuko tayari kutuma vipuri na kugharamia kazi yote, hata ikichukua miaka miwili, Fundi mwenyewe ndiye afanye. Ila anaomba jambo moja. Baba yake amesema yule kijana wa karakana hajui kudanganya. Basi Fundi alitazame gari, aseme kweli: linafaa kufufuliwa au halifai? Watafuata neno lake.

Nilipiga kigelegele pale pale ofisini. Kazi ya miaka miwili! Mkewe alikuja akanishika mikono kama mimi ndiye niliyeandika barua. Fundi alisema tu, "Nitalifungua kwanza," akaenda zake.

Kesho yake hakuitikia shikamoo yangu. Keshokutwa alikuja amebeba kifurushi cha gazeti, akakiweka juu ya taipureta yangu bila kuomba ruhusa. Ndani kulikuwa na vipande vya kitu chekundu, vimemeguka kama ukoko wa chungu, na unga mweupe umeshikana navyo.

"Nini hii?"

"Sakafu."

"Sakafu ya nini?"

"Ya Kichwa Wazi. Nimeng'oa zulia. Nimeona ardhi."

Akanieleza polepole, na mimi nikawa naelewa polepole zaidi. Chini ya mazulia hakukuwa na bati tena. Mihimili miwili ya chini nayo imeliwa, ukiibonyeza kwa kidole inaingia. Akachukua ule unga mweupe kwa ncha ya kidole, akauweka ulimini mbele yangu, akafumba macho.

"Chumvi," alisema.

Jamani. Kila mtoto wa Singida anajua maji ya Kindai yana chumvi. Ng'ombe wanajua. Malori yalioga humo yakaondoka, upepo ukayakausha njiani, na hata hivyo hakuna aliyelipenda lori kiasi cha kuliogesha kila wiki. Kichwa Wazi lilioshwa ndani na nje, likarudishwa kivulini na mazulia yake yamelowa, wiki baada ya wiki, miaka kumi na kitu. Angelitelekeza porini huko Rungwa lingekuwa zima. Kilicholiua ni adabu yake. Mtu aliyeonja kila kitu hakuonja maji ya ziwa, kwa sababu aliyajua.

"Hilo gari limelindwa na mimi likafa mikononi mwangu," alisema. "Sasa niandike nini?"

Nami, Mungu anisamehe, nilikuwa na jibu tayari. Nilimwambia aandike hali ya hewa. Mvua, joto, miaka mingi. Bati la Kitaliano halikuzoea Singida. Nani atabisha? Kazi ataipata, sakafu atatengeneza nyingine, mzee wa watu atafurahi, na yeye atabaki yule kijana asiyejua kudanganya. Niliipiga chapa siku hiyo hiyo, kwa Kiingereza changu cha chuo cha uhazili, ikapendeza. Nikamsomea kwa Kiswahili. Akatia sahihi, akaikunja, akaitia mfuko wa ovaroli.

Hakuituma. Nilijua kwa sababu niliiona. Kila alipoinama ilichungulia mfukoni, wiki hadi wiki, hadi oili ikaipenya ikawa kama karatasi ya kufungia maandazi. Nikimuuliza anasema posta kuna foleni. Posta ya Singida, foleni!

Wakati huo huo alikuja mfanyabiashara mmoja aliyefungua mashine ya kukamua alizeti, tajiri mpya, mcheshi, mkono mwepesi. Alitaka Kichwa Wazi liwe gari la maharusi. Bibi harusi amekaa wazi, shela linapepea, mji mzima unaona. Nilisikia mazungumzo yao kutoka kibandani kwangu, maana tajiri hakuwa mtu wa kunong'ona.

"Fundi, ziba tu na bati jembamba, paka puti, piga rangi. Kwani nani atachungulia chini?"

"Wewe," Fundi akasema. "Nitakulaza."

"Mimi nakuruhusu usinilaze!"

"Halafu bibi harusi adondoke barabarani akiwa amekaa kwenye kiti?"

Tajiri alicheka hadi akashika tumbo. Fundi hakucheka. Jioni mkewe alikuja kwangu kulia. Alisema: mume wangu ana kazi mbili mkononi na zote anazikataa, kwa ajili ya nini? Nilijua kwa ajili ya nini. Alikuwa anaogopa. Mtu aliyewalaza maofisa kwenye gunia alikuwa anaogopa kulala mwenyewe. Mganga hajigangi, nilisema moyoni, na nilimkasirikia kweli, kwa sababu nilimheshimu.

Mvua za kwanza zilinyesha. Asubuhi moja alikuja kabla sijafungua, akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Karani, andika nyingine. Nitasema mwenyewe, usitie maneno yako."

Nikaandika alivyosema. "Gari linaweza kufufuka, lakini sakafu na mihimili imeoza yote. Haikuozeshwa na hali ya hewa. Nimeiozesha mimi, kwa kuliosha na maji ya ziwa lenye chumvi. Mlinipa nilitunze, nikalila. Mkitaka nilitengeneze, nitatengeneza. Mkimtaka fundi mwingine, ni haki yenu. Kipande cha sakafu nimekiweka humu mkione." Na kweli alikiweka, kimefungwa kwenye gazeti, bahasha ikavimba. Tulikwenda posta pamoja. Hapakuwa na foleni.

Akarudi gerejini akaanza kupiga miluzi, kitu ambacho sikuwahi kumsikia akifanya. Nilidhani yamekwisha. Nilidhani ukweli ukisemwa unapokelewa, kama ilivyo kwenye mahubiri.

Jibu lilikuja alizeti zikiwa zinachanua. Bahasha ilikuwa nyembamba. Nikaisoma kimya kwanza, nikatamani ningekuwa sijasoma shule.

"Sema," Fundi akasema.

Binti yule ameandika kwamba baba yake alifariki majuma mawili kabla ya barua kufika. Tangu alipoandika mara ya kwanza, mzee alikuwa anauliza kila juma kama barua ya Singida imekuja. Hakuna hasira yoyote. Barua yako, anasema, nimeisoma peke yangu. Kuhusu maji, baba angecheka nadhani, lakini sasa hatutajua. Mimi gari silihitaji, nililitaka kwa ajili yake. Ni lako, lifanye utakavyo.

"Rudia pale," Fundi akasema. "Kila juma?"

"Kila juma, Fundi."

Akaichukua barua, akaikunja nne, akaiweka mfuko ule ule. "Miezi mitano," alisema. "Miezi mitano nimemweka mlangoni mzee wa watu, kwa kuogopa kuitwa mjinga." Nilitaka kumwambia kwamba ile barua ya uongo niliitunga mimi, kwamba mzigo tugawane. Sikusema. Nilimwacha avuke barabara peke yake, na jambo hilo linaniuma mpaka sasa.

Baada ya hapo kila mtu alikuwa na ushauri. Tajiri wa alizeti alirudi na bei nyingine. Wanunuzi wa chuma chakavu walipita na mzani wao. Mkewe alitaka banda lile la mabati liwe la kuku, na kuku wa Singida ni mali, si mchezo. Fundi aliwasikiliza wote kwa heshima, akawajibu wote neno moja: "Bado naamua." Mimi mwaka ule nilihama. Nilifungua duka la chapa na fotokopi Ikungi, karibu na mnada, nikaolewa huko, nikazeeka kidogo.

Sikumwona kwa miaka. Siku niliyomwona nilikuwa nimekuja Singida kununua wino, na miguu yenyewe ikanipeleka upande wa Unyambwa. Kibanda changu kimekuwa saluni. Gereji ilikuwa bado ipo, kibao kimefifia, na Fundi amekaa juu ya tairi lile lile anatengeneza pampu ya kunyunyizia dawa ya vitunguu. Mvi zimejaa. Nikamwamkia.

"Marahaba, Karani. Umenenepa."

"Na wewe umekauka."

"Mimi nimetunzwa kwenye chumvi," alisema, na safari hii alitabasamu.

Nikauliza habari za Kichwa Wazi, nikitegemea kuambiwa liliuzwa. Akainuka, akanitangulia nyuma ya gereji. Lilikuwepo. Rangi imepauka, turubai halipo, taa moja imeng'oka. Nusu ya banda ilikuwa ya kuku, nusu ya gari, nikaona ndoa ile imefikia muafaka. Nikajiambia, basi, aliamua kutoamua.

Akatandika gunia. Akanipa tochi.

"Lala."

"Fundi, nimevaa kitenge kipya!"

"Lala, Karani."

Nililala. Kuku mmoja akakimbia. Nikawasha tochi, na juu yangu kulikuwa na sakafu. Mabati mazito, yamepigwa nyundo kwa mkono hadi yakafuata kila mkunjo, yameungwa kwa mshono wa kulehemu usiokatika, yamepakwa rangi ya kuzuia kutu. Mihimili yote miwili mipya. Sijui gari, lakini najua kazi. Nilinyoosha mkono nikaigonga, ikaitika imara. Sauti ya Fundi ikatoka juu yangu, nikiona viatu tu.

"Boneti za malori mabovu. Kila nikipata moja, nakata kipande. Miaka sita."

"Na injini?"

"Imekufa."

"Hutaitengeneza?"

"Injini imekufa kwa uzee. Uzee sikuuleta mimi, wala viti, wala rangi. Sakafu niliila mimi, sakafu nimeirudisha. Vingine vyote ni vya mzee mwenyewe, alale navyo salama."

Nilikaa huko chini muda kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nilikuwa nalia na sikutaka aone. Nilipotoka nikamwambia. Nikamwambia kwamba ile barua ya hali ya hewa niliitunga mimi, nilimshauri vibaya, nilipaswa kumsukuma aseme kweli siku ile ile na mzee angeisoma. Nilisema yote nikiwa nimesimama, mgongo umejaa manyoya ya kuku.

Fundi alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Sahihi ilikuwa yangu," akaenda pembeni ya banda.

Palikuwa na pipa chini ya mchirizi wa bati, la kukinga mvua, limefunikwa kwa ubao na jiwe. Ndipo nilipokumbuka kwamba siku ile ilikuwa Jumamosi. Akachota kopo moja, akaninyooshea.

"Onja."

Nikaonja.

"Ina chumvi?"

"Haina, Fundi."

"Onja tena, usinionee haya."

Nikaonja tena, kwa makini, nikiyazungusha mdomoni kama alivyokuwa akifanya yeye. "Haina."

"Haya, leta," akasema, akalichukua kopo mkononi mwangu, akaanza kuliosha gari.